Wali Mmetuuzia, Jiko Mmelificha

Ndugu msomaji, leo nimekuja na ugomvi. Usinune mapema. Ugomvi wenyewe si wako peke yako, na mimi nimo, maana kosa nitakalolisema humu nimelitenda miaka mingi kwa pesa yangu na kwa mikono yangu mwenyewe.

Majuzi kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi, pale kijiweni kwa muuza kahawa tunakosomeana kazi zetu kila Jumamosi, niliulizwa mwalimu wangu wa riwaya ni nani. Nikajibu kweli tupu: najifunza kwa kutazama nyongeza za DVD za tamthilia za zamani za kisayansi. Basi ikawa kicheko. Mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi lakini akisoma atajijua, alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Nyongeza? Yale makapi? Wenzako wanaangalia picha, wewe unaangalia makapi!" Kisha akaongeza kwa sauti ya kisomi kwamba mtunzi wa kweli haonyeshi jikoni kwake, na msomaji mwenye adabu hachungulii.

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani, maana wengi wetu tumekulia CD za kuchoma na hatujawahi kuishika DVD kamili. DVD ya halali ya tamthilia ya zamani haiji na picha peke yake. Mna orodha ya pili. Ukiifungua unakuta mahojiano na waliotengeneza, vipande vilivyokatwa, picha za majaribio, maandishi yanayopita chini ya skrini yakikueleza tukio hili liliandikwaje na lilibadilishwa wapi. Tena kuna sauti ya maelezo: watengenezaji wenyewe wanakaa, wanaitazama kazi yao upya, na wanaisema huku picha inakwenda. Hizo ndizo nyongeza. Hayo ndiyo makapi.

Mimi niliyapata kwa bahati tu. Mjomba wangu ni baharia. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yakawa ya kumfanya mtu akae kimya mezani, mjomba alirudi na begi la DVD kuukuu alizonunua kwa bei ya kutupa kwenye maduka ya mitumba ya Uingereza. Humo mlikuwa na kasha moja lililotolewa mwaka 2006, lenye hadithi tatu za mwanzo za Doctor Who. Kwa wasioijua: ni tamthilia ya BBC iliyoanza Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa kule Marekani. Mzee mmoja wa ajabu anasafiri katika nyakati na sayari ndani ya kibanda cha simu cha polisi, rangi ya bluu, ambacho kwa nje ni kidogo na kwa ndani ni kikubwa kuliko nje.

Nilikuwa naitazama peke yangu usiku, nikakosea kubonyeza rimoti. Mara sauti za waigizaji zikafifia, wakaanza kusikika watu wazima wanaongea juu ya picha. Nikadhani diski imeharibika. Lakini sisi tuliokulia vibanda umiza tumezoea sauti ya mtu juu ya picha, si ndiyo? Tumelelewa na watafsiri, yule anayekwambia "huyu ndiye adui mkubwa, mtazame alivyokaza macho". Kwa hiyo sikuzima. Nikasikiliza. Na polepole nikaona tofauti. Mtafsiri wa kibandani ananieleza nini kinatokea. Watu hawa walikuwa wananieleza kwa nini kimetokea hivyo na si vinginevyo, na wapi walichemsha.

Nilikesha, jamani. Kesho yake nikaanza upya.

Sasa nikwambie nilichokikuta kwenye hayo makapi, halafu wewe mwenyewe uamue kama ni makapi.

Sehemu ya kwanza kabisa ya Doctor Who ilirekodiwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 27 Septemba 1963. Mkuu wa idara ya tamthilia, Sydney Newman, akaitazama, akaikataa. Ikarekodiwa tena tarehe 18 Oktoba. Ile iliyokataliwa haikutupwa, na kwenye kasha la 2006 imo, na makosa yake yote. Milango ya chombo inagoma kufunga, inagongagonga nyuma ya waigizaji kama mlango wa choo cha uwanjani. Yule mzee ni mkali mno, huna hamu ya kusafiri naye hata mpaka kituo cha basi. Mjukuu wake anasema waziwazi kwamba amezaliwa karne ya 49. Ukija kwenye ile ya pili, iliyorushwa, mzee bado ni mkali lakini ana mzaha wa chinichini, na karne ya 49 imefutwa. Mtoto anasema tu kwamba wametoka wakati mwingine na ulimwengu mwingine. Basi. Namba imeondoka, fumbo limeingia.

Mimi wakati ule nilikuwa na riwaya yangu ya kwanza, ile ya fundi redio anayenasa matangazo ya kesho. Sura ya kwanza nilikuwa nimeeleza kila kitu: mwaka, aina ya mawimbi, yametoka wapi, nani ameyatuma. Kurasa kumi na moja za kueleza. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba maelezo yanaua fumbo. Darasani tulifundishwa dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, na mtihani ukaja hivyohivyo. Kufuta hatukufundishwa. Mimi kufuta nimefundishwa na sehemu iliyokataliwa ya mwaka 1963. Kurasa kumi na moja zikawa mbili.

Na ujue watu wale hawakuwa wazee wenye mvi. Mtayarishaji, Verity Lambert, alikuwa na miaka 27. Mwongozaji wa hadithi ile ya kwanza, Waris Hussein, mzaliwa wa India, alikuwa na miaka 24. Vijana kama sisi, wamekataliwa kazi yao na mkubwa, wakapewa wiki tatu, wakarudi. Ingekuwa nimeiona ile ya pili tu, ningedhani wamezaliwa wanajua.

Hadithi ya tatu katika kasha hilo inaitwa The Edge of Destruction, ya Februari 1964. Ni sehemu mbili tu. Hakuna sayari ngeni, hakuna jitu, hakuna mgeni anayebisha hodi. Watu wanne wamefungiwa ndani ya chombo, wanashukiana, wanakaribia kuuana, na mwisho chanzo cha balaa lote kinaonekana ni springi ndogo iliyokwama kwenye swichi. Nilipoitazama mara ya kwanza nikasema huyu mwandishi ana akili za ajabu. Nyongeza zikaniambia ukweli: palikuwa na pengo la sehemu mbili kwenye ratiba, pesa hazipo, na mhariri wa skripti, David Whitaker, akaketi akaiandika haraka kwa waigizaji walewale wanne na jukwaa lilelile lililokwisha kujengwa. Ukata ndio uliomtungia. Mwandishi wa Kiswahili anayelia kwamba hana mtaji, hana kompyuta, hana mfadhili, angeoneshwa springi ile angepata cha kufikiri usiku.

Niendelee? Niendelee. Mwaka 1979 ilipangwa hadithi ya mwandishi David Fisher, ikashindikana kutumika ilivyokuwa, na muda umekwisha. Douglas Adams, mhariri wa skripti wakati huo, miaka 27, pamoja na mtayarishaji Graham Williams, wakaiandika upya mwisho wa juma mmoja. Kwenye skrini likawekwa jina la mtunzi ambaye hayupo duniani, David Agnew. Hadithi hiyo, City of Death, ndiyo inayohesabiwa na wapenzi wengi kuwa miongoni mwa bora kabisa za miaka ile. Ukisoma jina la David Agnew peke yake, unajifunza nini? Hujifunzi kitu. Nyongeza ndizo zinazokupeleka mpaka chumbani, ukawakuta watu wawili hawajalala na mashine ya chapa iko mbele yao.

Na ile sauti ya chombo kikiondoka, inayokwaruza na kuguna, ambayo ukiisikia mara moja huisahau: Brian Hodgson wa karakana ya sauti ya BBC aliitengeneza kwa kukwaruza ufunguo wa nyumba ya mama yake kwenye nyaya za piano, kisha akauchezea mkanda. Ufunguo wa nyumba ya mama! Rafiki yangu wa kahawa atasema kwamba kujua siri kunaharibu utamu. Nakataa. Tangu nijue habari za ufunguo ule naisikia sauti ile mara mbili, mara ya chombo na mara ya mama. Kumwona bibi yako akikuna nazi hakujawahi kuuharibu mchuzi.

Kama Doctor Who haikukuelea, nenda Marekani. Rod Serling, mwasisi wa The Twilight Zone ya mwaka 1959 hadi 1964, aliandika mwenyewe sehemu 92 kati ya 156. Kwenye matoleo yake ya DVD mna sauti yake akizungumza na wanafunzi wa uandishi, mtu aliyefariki mwaka 1975. Mimi ambaye chuo kikuu nimekiona kwa dirisha la daladala, nimeketi darasani kwa Rod Serling sebuleni kwa mama yangu, na umeme ulipokatika nikasubiri urudi, nikaendelea.

Sasa nani ametunyima darasa hili? Hapa ndipo ugomvi unapoanza, kaa vizuri.

Wa kwanza ni mchomaji. Diski ya kawaida ya kuchoma inabeba gigabaiti 4.7. Mchomaji anataka kupakia humo picha ishirini ili akuuzie kwa bei ya sahani ya chipsi, na cha kwanza anachokitupa ni nyongeza. Hazimletei mteja. Na mteja ni nani? Ni mimi. Nimenunua diski za namna hiyo sina hesabu, tena nikiulizia "una nyingine yenye picha nyingi zaidi?" Sijawahi hata siku moja kumuuliza "una yenye nyongeza?" Kwa hiyo mchomaji nimemlea mimi, nimlaumu vipi peke yake?

Wa pili ni mtandao. Siku hizi diski zimekuwa za wazee, kila mtu anatazama kwa intaneti au anajaziwa kwenye flashi. Sawa, siwezi kupigana na maji ya mto. Lakini ona. Mwezi Novemba 2023 BBC iliweka zaidi ya sehemu 800 za Doctor Who kwenye huduma yake ya intaneti huko Uingereza. Hadithi ya kwanza kabisa, ile ya 1963, haikuwemo, kwa sababu ya suala la haki za mwandishi wake. Mwenye kasha la 2006 alikuwa nayo kabatini, pamoja na ile iliyokataliwa. Kilicho kwenye mtandao ni cha kuazima, mwenyewe anaweza kukichukua usiku umelala. Na hata pale kinapobaki, mara nyingi unapewa picha tupu, ikiisha tu nyingine inaanza yenyewe hata hujameza mate. Jiko liko wapi? Limefungwa.

Wa tatu ni kampuni zenyewe, nisiwaonee haya. Nyongeza nyingi ni takataka. Nimeona saa nzima za watu wanasifiana: fulani alikuwa mtu mzuri sana, fulani alituchekesha sana, tulikuwa familia moja. Ndugu, hiyo ni hotuba ya harusini, haina hata tone la somo. Nyongeza ninayoitetea ni ile inayokiri. Inayosema hapa pesa ziliisha, hapa tuligombana, hapa mwandishi alileta kitu kibovu na sisi tukakiharibu zaidi. Star Trek ya mwaka 1966 ilipotengenezewa picha mpya za vyombo vya angani kwa kompyuta kuanzia 2006, kishawishi kilikuwa kuzifukia zile za zamani. Diski za Blu-ray zilizoanza kutoka 2009 zikampa mtazamaji hiari: bonyeza uone mpya, bonyeza uone ya zamani na uzi wake unaoning'inia. Huo ndio uungwana. Na makasha ya Doctor Who ya Blu-ray, yaliyoanza kutolewa mwaka 2018, yanakuja mpaka na skripti na karatasi za ofisini za wakati ule. Mtu unasoma barua ya mhariri ya miaka ya sitini au sabini kama vile imeandikwa kwako. Kwa mwanafunzi asiye na chuo hiyo ni maktaba nzima.

Nasikia mwingine pale nyuma anasema: "Sawa, lakini hayo ni mambo ya Wazungu, yanatuhusu nini?"

Asante kwa swali, nilikuwa nalisubiri.

Ndani ya Star Trek kuna afisa wa mawasiliano mweusi, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, marehemu tangu mwaka 2022. Jina hilo limetoka kwetu, ni neno letu uhuru. Nichols amesimulia mara nyingi kwamba siku ya kwenda kujaribiwa alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya, na kutoka hapo mazungumzo na Gene Roddenberry yakafika kwenye jina. Na Kiswahili chenyewe kimo: katika The Man Trap, sehemu ya kwanza kurushwa, Septemba 1966, kiumbe kimejigeuza mwanamume mweusi na kumwongelesha Uhura kwa Kiswahili. Katika The Changeling ya 1967 Uhura amefutwa kumbukumbu, na anapofundishwa upya kusoma Kiswahili kinamtoka. Kiswahili chenyewe kimevunjikavunjika, mtoto wa shule ya msingi angekisahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini kimo. Lugha yetu ilisafiri angani kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na nani alituambia? Si mchomaji. Yeye ule mkanda wa mahojiano ndio alioutupa ili apate nafasi ya picha ya kumi na tisa.

Hilo moja. La pili ndilo linaloniuma zaidi.

BBC walikuwa wakifuta mikanda yao. Mkanda wa video ulikuwa ghali, tamthilia ikisharushwa inafutwa na mkanda unatumika tena. Nakala za filamu zilizouzwa nchi za nje nazo nyingi zikateketezwa, mpaka uharibifu ukasimamishwa mwaka 1978. Sehemu nyingi za Doctor Who za miaka ya sitini zikapotea namna hiyo. Lakini sauti za zote zimebaki, unajua kwa nini? Kwa sababu watoto na vijana wa Uingereza, majumbani mwao, walikuwa wanarekodi sauti kutoka kwenye runinga kwa tepu rekoda. Wengine waliweka kipaza sauti mbele ya spika na kuwaomba ndugu zao wanyamaze. Sauti hizo leo ndizo zinazotiwa michoro au picha mnato na kuuzwa kama nyongeza. Ndani ya kasha langu la 2006 mna hadithi ya Marco Polo iliyofupishwa kuwa kama nusu saa kwa namna hiyo, kwa kuwa sehemu zake zote saba hazikuwapo.

Kisha mwaka 2013 ikatangazwa kwamba mtafutaji mmoja, Philip Morris, amekuta filamu za sehemu tisa zilizokuwa zimepotea, za mwaka 1967 na 1968. Alizikuta wapi? Nigeria! Mjini Jos, kwenye stoo ya kituo cha kurushia matangazo. Hata baada ya ugunduzi huo zilibaki sehemu 97 zisizojulikana zilipo. Hadithi moja kati ya zile mbili zilizopatikana, The Enemy of the World, ilitolewa kwenye DVD mwaka huohuo haraka haraka, bila nyongeza. Ilibidi watu wangoje mpaka 2018 itolewe upya, ndipo ikaja na maelezo na habari za jinsi ilivyotafutwa. Yaani kazi ya Waingereza, Waingereza wenyewe wameitupa, rafu ya Afrika imeitunza miaka mingi.

Niliposikia habari ile nilijivuna wiki nzima. Halafu kiburi kikaisha, nikajiuliza: na ya kwetu?

Mtaani kwetu yuko mzee aliyekuwa akiandika michezo ya redio enzi za ujana wake. Mama yangu anakumbuka mchezo wake mmoja mpaka sauti ya mlango ulivyolia. Nikaenda kwake na daftari, kwa heshima zote. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikamwomba anionyeshe miswada yake, nione alivyoanza na alivyofuta. Mzee akacheka, si kicheko cha furaha. "Mwanangu, mikanda ilirekodiwa juu yake muziki. Na karatasi, mke wangu, Mungu amrehemu, aliwashia jiko. Nyingine tulimpa muuza karanga." Nikamuuliza kama hata ukurasa mmoja hakubakiza. Akasema, "Nani alijua kwamba atakuja mtu kuuliza?"

Ndugu msomaji, neno hilo nimetembea nalo. Nani alijua kwamba atakuja mtu kuuliza? Mzee yule ni mwandishi wa miaka ishirini na zaidi. Kila alichojifunza kuhusu kuandika mlango unaolia kikakumbukwa nusu karne, kimefungiwa karanga. Mimi ni mtoto wa mtaa wake, natembea hatua mia mbili kufika kwake, na imenibidi nijifunze uandishi kutoka kwa watu wa London kwa sababu wao walibakiza karatasi zao, na wetu hakuambiwa kwamba karatasi ni mali.

Ndiyo maana yule wa kahawa, na ile kauli yake kwamba mtunzi haonyeshi jikoni, siwezi kumwachia apite. Hiyo si adabu. Ni woga uliovaa kanzu. Tunataka msomaji aamini kwamba hadithi imetushukia usingizini ikiwa imekwisha kunyooka. Kwa hiyo tunachana rasimu. Tunachoma kurasa mbaya. Tukikataliwa na mchapishaji hatusemi, tukichapwa tunasema tulijua. Na kijana wa kidato cha pili anayeanza kuandika leo akiisoma kazi yetu safi, anailinganisha na rasimu yake chafu, anaona yeye hana kipaji, anaacha. Tumemuua mwandishi na hatujui. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nasi tumeuficha mpaka ukoo unakaribia kukatika.

Mimi mwenyewe zile kurasa kumi na moja za fundi redio nilizichoma. Nilizipeleka nyuma ya nyumba nikazitia kiberiti, nikajiona nimekua. Laiti ningelijua. Zingekuwepo leo ningeziweka hapa, ukurasa kwa ukurasa, mwenzangu mwenye ugonjwa kama wangu aone dawa inavyokwenda.

Sasa basi, nisiwe mtu wa kulaumu tu kisha nikakaa. Nina mambo matatu.

Mosi, wewe unayenunua picha: uliza nyongeza. Hata kama muuzaji atakucheka, uliza. Tukiuliza kumi, wa kumi na moja atakuta zimewekwa. Na mwenye DVD kamili asiifungie kabatini, ailete kikaoni tuitazame wote, kisha tubishane. Ya mjomba wangu iko tayari, deki ninayo, tatizo ni umeme tu.

Pili, wewe mwenye mzee wa kazi hizi nyumbani kwenu au mtaani kwenu, mtunzi wa redio, wa jukwaa, wa ngonjera, wa chochote: nenda ukamuulize kabla muuza karanga hajafika. Simu yako ina kinasa sauti. Watoto wa Uingereza walitumia tepu rekoda nzito kama tofali, sisi tunashindwa na kidude kinachokaa mfukoni? Mimi nimekwisha kuanza. Mzee karatasi hana, lakini kumbukumbu anazo. Nimekwisha kurekodi mikutano mitatu, anauelezea mchezo wake tukio baada ya tukio, na anasema wapi alikosea. Ile sauti ya mlango, nimeijua ilivyotengenezwa. Sitaisema hapa, ameomba aiseme mwenyewe.

Tatu, Mhariri, hili ni lako. Jarida letu lina kurasa chache na wino wa mkopo, najua. Naomba ukurasa mmoja tu kila toleo. Upande wa kushoto rasimu ya kwanza ya hadithi iliyokwisha kuchapwa humu, pamoja na makosa yake na mistari iliyokatwa. Upande wa kulia namna ilivyotoka. Chini yake mwandishi aeleze kwa maneno machache kwa nini alifuta.

Najua hakuna atakayetaka kuwa wa kwanza. Kwa hiyo na makala haya nimekuletea sura ya tatu ya riwaya yangu kama nilivyoiandika mara ya kwanza, ile ambayo fundi redio anasikia jina la mkewe kwenye matangazo ya vifo ya kesho. Ni mbaya. Fundi analia kurasa nne, na mbingu nayo inalia. Nimekuletea pia barua ya mchapishaji aliyeikataa, ambaye aliandika neno moja tu pembeni ya mbingu inayolia, na sura nilivyoiandika tena baada ya neno hilo. Zichape zote tatu. Na yule bwana wa kahawa ukimwona mwambie jiko langu liko wazi, aje achungulie, na akija aje na rasimu yake mkononi.